Mawe Yaanze Chini ya Maji

Kila anayeishi uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, ameliona jambo hili. Mvua inapiga Nandi, Tinderet na Londiani. Mto Nyando unavimba, unapita Ahero mwekundu na umebeba magogo, watu wanajitwika magodoro kwenda kulala shuleni. Siku zote hizo ukingo umesimama wima. Kisha maji yanashuka, jua linatoka, familia zinarudi kuzoa tope, na usiku wa pili au wa tatu kipande cha shamba chenye mahindi, ua na choo kinaporomoka mtoni. Mwenye shamba anabaki akijiuliza: mbona mto ulipokuwa mkali uliniachia, na sasa umetulia ndipo unaninyang'anya?

Udongo ule ulikwisha kuliwa tangu siku za mafuriko, ila uliliwa chini, mahali macho hayafiki. Mkondo ulichimba pale ukuta wa ukingo unapokutana na kitanda cha mto, sehemu ambayo katika makala hii nitaiita mguu wa ukingo. Mto ulipokuwa umejaa, maji yenyewe yaliuegemea ukingo yakaushikilia. Yaliposhuka ghafla, ukingo ulibaki umelowa chapachapa, mzito kupita kawaida, maji yaliyonaswa ndani yake yakisukuma kutafuta njia ya kutokea, na chini hakuna mguu. Chomoa gunia la chini kabisa kwenye rundo la mahindi ghalani uone kama yale ya juu yatasubiri ruhusa.

Nimeanza hapo kwa sababu pesa nyingi zinazotumiwa kuokoa kingo za mito inayoingia Ziwa Victoria upande wetu, kuanzia Nzoia na Yala hadi Nyando, Sondu na Kuja, zinatumiwa juu. Watu wanapanda miche kwenye mdomo wa ukingo. Wanapanga magunia ya mchanga pale ufa ulipoonekana. Kamati inachangisha, fundi anajenga ukuta wa mawe na saruji ulio mzuri wa kupigia picha, msingi wake ukiwa kina cha goti. Msimu unaofuata mto unapita chini ya ule msingi, na ukuta unalala kifudifudi majini ukiwa mzima. Kazi ya kuzuia mmomonyoko inaanza chini ya maji, na sehemu kubwa ya gharama yake hutaiona tena ukishaimaliza. Kama hilo linakukera, heri usianze.

Kabla ya jiwe la kwanza, ujue kwa nini mto unakula ukingo wako. Mahali pa kawaida ni kwenye kona, upande wa nje, ambako maji yanakwenda kasi zaidi na kina ni kirefu zaidi. Upande wa ndani wa kona hiyohiyo mto unaweka mchanga. Huo ndio mwendo wa mto wowote unaopita kwenye tambarare, na Nyando umekuwa ukijisogeza hivyo Kano tangu kabla ya mababu zetu kuhamia huku. Ukiwa kwenye kona ya namna hii, unashindana na tabia ya mto, na mguu wa mawe unaweza kukusaidia.

Lakini kuna kona zinazoanguka kwa sababu nyingine. Chukua mfano wa mchanga. Kama hatua mia mbili chini yako kuna vijana wanaojaza malori kutoka kitanda cha mto, kitanda kinashuka, na shimo hilo linapanda polepole kuelekea kwako kila mto unapojaa. Kitanda kikishuka mita moja, ukingo wako umerefuka mita moja bila wewe kuongeza chochote, na udongo uliokuwa unaweza kusimama mita tatu hauwezi kusimama nne. Mawe utakayoweka hapo yataning'inia. Miongozo ya kitaifa ya uchimbaji mchanga iliyotolewa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, mwaka 2007 inakataza kuchota mchanga kwenye kingo za mto, lakini sote tunajua jinsi biashara hii inavyoendeshwa, na anayechimba mara nyingi ni mtoto wa jirani anayetafuta karo. Zungumzeni naye kwanza, chifu awepo, na Jumuiya ya Watumiaji wa Rasilimali za Maji ya eneo lenu iwepo. Ni maongezi magumu, ila ni nafuu kuliko lori la mawe.

Wengine wanajichimbia wenyewe. Matofali yanafyatuliwa ukingoni kwa sababu udongo na maji viko pamoja. Ng'ombe wanashuka kunywa kwa njia ileile kila siku hadi inakuwa bonde. Karibu na ziwani kuna njia za viboko, ambazo mafuriko huzitumia kama mlango. Haya yanatibiwa kwa kuhamisha tanuri, kutengeneza sehemu moja ya kunyweshea yenye kokoto na mteremko wa pole, na kuacha mengine yajiponye. Hakuna haja ya gabioni, yale masanduku ya waya yaliyojaa mawe.

Na wale walio chini kabisa, pale mto unapokaribia kuingia Ghuba ya Winam, wana shida ya kinyume. Mvua za mwisho wa 2019 na mwanzo wa 2020 zililipandisha Ziwa Victoria hadi Mei 2020 likavuka rekodi iliyokuwa imewekwa mwaka 1964. Ziwa likiwa juu, mto unakosa mteremko, unapoteza kasi na kuutua mzigo wake wa matope kabla ya kufika. Kitanda kinajaa, kisha mto unatafuta njia ya pembeni. Kule kuweka mawe mguuni ni kutibu goti kwa mtu anayeumwa jino. Yaacheni mafunjo na matete yasambae, nyumba zisogee nyuma. Mafunjo yanapunguza nguvu ya mawimbi na kushika matope bila kudai malipo, na kila ekari inayofyekwa ili kulima sukuma wiki kando ya ziwa ni ekari tutakayoililia.

Tuseme sasa umechunguza na umeridhika: ni kona, upande wa nje, kitanda hakishuki, na nyuma ya ukingo kuna kitu cha thamani ya kulindwa. Fanya kazi ya vipimo mwezi wa Januari, maji yakiwa chini.

Chukua mwanzi mrefu, uutie alama kila sentimita kumi, upime kina kila baada ya mita tano kufuata kona yote, karibu na ukingo. Utakuta shimo. Andika kina chake na mahali lilipo, kwa sababu shimo hilo ndilo linalokula shamba lako. Hata hivyo kipimo cha Januari kinadanganya kidogo. Mto ukijaa unachimba kitanda chake zaidi, na maji yakishuka unakifukia tena kwa mchanga, kwa hiyo ulichopima wakati wa kiangazi ni shimo lililokwisha kujazwa nusu. Kwa vijito kama Awach au Kibos mimi huanza hesabu na mita moja chini ya shimo refu kabisa lililopimwa. Kwa Nyando huanza na mita mbili, na mhandisi akisema zaidi simbishii.

Kasi ya maji ipimwe mto ukiwa umejaa, na hapa nasema kwa herufi kubwa: hakuna anayekanyaga ukingo uliopasuka. Simama mbali, mahali pagumu, chagua miti miwili iliyo umbali wa mita ishirini kufuata mto, mtu wa juu arushe chungwa au kipande cha mti, wa chini ahesabu sekunde. Likitumia sekunde nane, kasi ni mita mbili na nusu kwa sekunde. Rudia mara kadhaa uchukue ile kubwa.

Kasi hiyo ndiyo inayochagua ukubwa wa jiwe, na hapa watu wengi hupotea. Uzito wa jiwe linaloweza kustahimili mkondo hauongezeki sambamba na kasi. Unaongezeka kwa kasi iliyozidishwa yenyewe mara sita. Kasi ikiongezeka maradufu, jiwe linatakiwa kuwa zito mara 64. Kwa maji ya vurugu yanayokwenda mita 2 kwa sekunde, jiwe la upana wa sentimita 17 hivi, kilo sita au saba, linatosha. Kwa mita 2.5 unahitaji sentimita 26, karibu kilo 25. Kwa mita 3 ni sentimita 38, kilo zaidi ya 70, yaani jiwe ambalo wanaume wawili wanaliinua wakilalamika. Sasa tazama mawe yanayomwagwa kwenye kingo zetu: mengi ni yale ya msingi wa nyumba, ya kushika kwa mkono mmoja, mara nyingine kokoto. Mto unayachukua siku ya kwanza na kwenda kuyaweka mahali ambapo hakuna aliyeyahitaji.

Jiwe liwe gumu, lenye kona, lisilopasuka likilowa na kukauka. Jiwe la mviringo la mtoni linateleza juu ya mwenzake. Lile la kubanduka tabaka kwa tabaka, ukilipiga nyundo linatoa sauti ya chungu kilichopasuka, lirudishe. Wale wanaoishi karibu na Kit Mikayi wanajua mawe ya matale yalivyo magumu. Machimbo ya vilima vinavyoizunguka Kisumu yana ya namna hiyo pamoja na mawe meusi ya volkeno, na yote mawili yanafaa. Kuchota mawe kutoka kitanda cha mto huohuo ni kulipa deni kwa kukopa kwa mdai yuleyule.

Sasa mguu wenyewe. Kuna njia mbili za kuufikisha chini ya shimo. Ya kwanza ni kuchimba mtaro ukingoni hadi chini ya kina ambacho mto unaweza kufika, kisha kuujaza mawe. Ni nzuri kwenye kijito kinachokauka. Kwenye Nyando, ambako ukichimba nusu mita maji yanakujia, utahitaji pampu, na kuta za mtaro zitawaangukia wafanyakazi. Ya pili ndiyo ninayoipendelea: zulia la mawe. Unatandaza mawe juu ya kitanda cha mto, kuanzia mguu wa ukingo kuelekea katikati, katika kiwango cha chini kabisa cha maji ya kiangazi. Huchimbi. Mto utakapokuja kuchimba, utakula mchanga ulio ukingoni mwa zulia, na mawe ya pembeni yataporomoka ndani ya shimo lile yakilifunika ubavuni. Kadiri mto unavyozidi kuchimba ndivyo mawe yanavyozidi kushuka, hadi ubavu wote umevikwa na mto hauna tena udongo wa kushika.

Si mbinu mpya. Wahandisi wa reli wa India waliijua walipokuwa wakifunga mito mipana ya Punjab na Bengal ili kupitisha madaraja. Francis Spring aliandika mwongozo wake mwaka 1903, akifuata kazi ya J. R. Bell.  Kanuni ya Spring bado inatumika: upana wa zulia uwe mara moja na nusu ya kina ambacho mto utachimba chini yake.

Tufanye hesabu, maana bila hesabu kamati itanunua lori mbili na kusali. Tuseme mto unaweza kuchimba mita 2 chini ya zulia lako. Mawe yakishuka yatalala kwa mteremko wa moja kwa mbili, kwa hiyo ubavu utakaofunikwa una urefu wa mita 4.5 hivi. Unataka tabaka la nusu mita. Hiyo ni mita za ujazo 2.2 kwa kila mita ya ukingo; ongeza nusu yake kwa sababu mawe yanayojiangukia majini hayajipangi vizuri, upate kama 3.3. Zulia litakuwa na upana wa mita 3 na unene wa mita moja na kidogo. Kona ya mita 60 itakula mita za ujazo 200, karibu tani 320. Lori la tani 20 litakwenda machimboni mara 16, na bado hujagusa ukingo wenyewe juu ya maji. Piga simu uulize bei ya lori moja, zidisha, kisha linganisha na bei ya ukanda wa ardhi unaotaka kuuokoa. Mara nyingi jibu la kweli ni kuhamisha nyumba mita 40 nyuma na kuuachia mto njia yake. Kwa shule, barabara, mtambo wa maji au makaburi ya ukoo jibu hubadilika. Nimeona kamati zikikasirishwa na hesabu hii, lakini ni heri hasira ya Januari kuliko ya Mei.

Juu ya zulia, ukingo ulale. Ukuta wima wa udongo mweusi wa Kano hauwezi kuvikwa mawe. Ukatwe kwa mteremko wa moja kwa moja na nusu au moja kwa mbili, mawe yapande hadi usawa wa mafuriko ya kawaida, na kuanzia hapo kazi iwe ya nyasi. Udongo huu mweusi unastahili heshima ya pekee. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono hadi kiwiko, na nyufa zilizo sambamba na mto ndizo hatari, kwa sababu mvua za Machi zinaingia humo moja kwa moja na kukibandua kipande kizima. Ukiziona, zijaze udongo na kuushindilia kabla ya mvua, na maji ya mvua ya shambani yaelekezwe kwenye mfereji mmoja wenye mawe badala ya kumwagikia ukingoni kila mahali. Tena, chini ya udongo mweusi mara nyingi kuna tabaka la mchanga ulioletwa na mto wa zamani. Chimba kidogo ubavuni utaliona, lina rangi nyepesi na linatiririka ukiligusa. Hilo ndilo linaloliwa kwanza, na la juu linafuata.

Kwa sababu ya mchanga huo, usiweke mawe juu ya udongo mtupu. Maji yanaingia na kutoka kati ya mawe, na kila yanapotoka yanabeba chembe za udongo. Baada ya misimu miwili mawe yamezama na nyuma yake kuna pango. Weka chujio: kitambaa cha jiotekstaili, au tabaka la mchanga mnene kisha kokoto, kila moja kama sentimita 15. Plastiki ya kawaida ya kufunikia haifai hata kidogo, kwa sababu inanasa maji nyuma yake na kuusukuma ukingo nje. Kitambaa kitandikwe kimelegea kidogo na mawe yashushwe, yasirushwe, la sivyo yatakitoboa.

Miisho ya kazi inasahaulika zaidi kuliko sehemu nyingine yoyote. Anza juu ya kona, mahali ambapo ukingo bado ni mzima, upitilize kona na kuendelea chini kwa zaidi ya upana wa mto, kwa sababu mmomonyoko husogea kuelekea chini. Kila mwisho uingizwe ndani ya ukingo kwenye mtaro uliojaa mawe. Mto ukipata pa kuingilia nyuma ya mawe yako, utayaacha yamesimama katikati ya maji na kuendelea na shamba.

Na gabioni? Kila mkutano wa hadhara mtu atasimama kudai gabioni, na kila mgombea wa udiwani atamwahidi. Mimi si mpinzani wake, lakini ninamwona kama mtumishi mwenye matumizi maalumu. Faida yake ni kwamba mawe madogo yakifungwa kwenye waya yanafanya kazi ya jiwe kubwa, hivyo mahali ambapo mawe ya kilo 70 hayapatikani au lori halifiki, gabioni linafaa. Ubaya wake ni kwamba uhai wote umewekwa kwenye waya wa unene wa milimita 2.7. Mchanga na kokoto vinausugua, kutu inaula, na watu wanaukata kwa ajili ya mabanda ya kuku. Waya ukikatika mahali pamoja, mawe yanavuja, kisanduku kinanywea, na cha juu yake kinafuata.

Ukiamua kulitumia, simamia ujazaji mwenyewe. Kisanduku cha kawaida ni mita 2 kwa 1 kwa 1, matundu ya sentimita 8 kwa 10. Mawe yawe makubwa kuliko tundu, sentimita 10 hadi 25, yapangwe kwa mkono, yenye uso bapa yakitazama nje, madogo yakibana nafasi za ndani. Likifika theluthi ya kimo, vibarua wasimame. Fungeni waya wa kuvuta kutoka uso wa mbele hadi wa nyuma ili kisanduku kisitumbuke, kisha endeleeni hadi theluthi ya pili mfunge tena. Jazeni juu ya ukingo wa kisanduku kwa sentimita mbili tatu, maana mawe yatashuka. Visanduku vishonwe pamoja kwa waya unaopita kila tundu, mzunguko mmoja kisha miwili, mwanzo hadi mwisho; kufunga vifundo hapa na pale ni wizi. Msingi wa yote uwe godoro la gabioni, lile jembamba la sentimita 30 hivi, linalotoka nje kuelekea mtoni na kuweza kupinda kufuata shimo. Bila godoro hilo gabioni zako ni ule ukuta wa saruji tu, zimevaa nguo nyingine.

Wanaosimama majini wakifanya kazi hii wavae buti za mpira, na baadaye wapimwe kichocho. Ufuo wetu una kichocho kingi, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani.

Mimea ina kazi yake, na ni kubwa, ila ianzie pale mawe yanapoishia. Mizizi haishiki udongo ulio mita mbili chini ya maji. Juu ya mawe panda nyasi ya vetiva kwa mistari inayofuata ukingo, miche ikikaribiana sentimita 15. Mizizi yake inashuka wima mita mbili au tatu na haitambai kuvamia shamba. Katikati ya mawe yaliyo juu ya usawa wa kiangazi chomeka matete. Nyuma zaidi panda miti ya kienyeji inayopenda maji, mkuyu ukiwa mbele. Mikaratusi isikaribie mto: inakua mirefu, inatikiswa na upepo kwenye udongo laini, na ukianguka mmoja unang'oa ukingo pamoja nao. Nepia ni chakula kizuri cha ng'ombe. Ila ipande sehemu tambarare, usiitegemee mteremkoni.

Magunia ya mchanga ni ya dharura tu. Jua la Kisumu linayala yale ya plastiki ndani ya miezi. Matairi yanaelea. Mabati na mabodi ya magari mabovu yanakusanya takataka na kugeuza maji yachimbe pembeni. Vigingi na kuta fupi zinazotoka ukingoni kuusukuma mkondo mbali zinafanya kazi kweli, lakini zinausukuma kwenda kwa jirani wa ng'ambo, na ukishakula shamba lake kesi itafika kwa wazee kabla haijafika mahakamani. Ukingo uliovikwa mawe kwa kufuata umbo la mto unamdhuru jirani kidogo zaidi. Hata hivyo mwite aone michoro.

Upande wa sheria, mto si wako hata kama hati ya shamba inasema inaishia majini. Kanuni za usimamizi wa rasilimali za maji za mwaka 2007 ziliweka eneo la kingo kuwa sawa na upana wa mto, lisipungue mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande. Kazi yoyote ndani ya mto inahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kwa mito ya upande wa kusini, Nyando na Sondu ikiwemo, ofisi ya bonde iko Kisumu, na kwa Nzoia na Yala iko Kakamega. Nenda na vipimo vyako, picha za kiangazi na za mafuriko, mchoro wa mkono, na sahihi za majirani wa pande zote mbili, waliokaa juu na chini ya kona. NEMA nao waulizwe kama kazi inahitaji ripoti ya athari za mazingira. Anza mchakato huu Agosti ikiwa unataka kujenga Januari.

Wanaoishi nyuma ya matuta ya kuzuia mafuriko, wale wa Budalang'i hasa, wana sababu ya pekee ya kuangalia mguu. Matuta ya Nzoia yamebomoka mara nyingi, ikiwemo 2003 na 2007. Maji kupita juu ya tuta ni njia moja tu ya kulibomoa. Njia nyingine ni mto kula ukingo ulio mbele yake hadi ukafika kwenye shina la tuta siku ya jua, bila mtu kujua, kisha mafuriko yakija yanakuta kazi imeshafanywa. Pimeni umbali kati ya mdomo wa ukingo na tuta kila Februari, mahali palepale, muuandike kwenye daftari la kamati. Ukipungua miaka miwili mfululizo, pelekeni daftari hilo kwa kaunti mkiwa wengi.

Neno moja kuhusu bwawa la Koru-Soin, kwa kuwa wengi wanalisubiri wakiamini litamaliza habari ya Nyando. Bwawa linapunguza kilele cha mafuriko, hilo sibishi. Lakini linanasa pia mchanga na matope, na maji yanayotoka chini yake yanatoka meupe na yana nguvu ya kubeba mzigo ambao hayana. Yanautafuta kwenye kitanda na kingo za chini. Mito mingi duniani imechimbika chini ya mabwawa yake kwa namna hiyo. Anayejenga mguu wa mawe leo kule Nyando aongeze kina cha hesabu yake, na aache nafasi ya tipa kufika ukingoni kwa miaka ijayo.

Maana zulia la mawe linahitaji kuangaliwa. Baada ya mafuriko ya kwanza utakuta limepungua upana, na wanakijiji watakuja kukuambia mawe yako yameibwa na mto. Hayajaibwa, yameshuka kufanya kazi yake. Pima tena kwa mwanzi mahali palepale. Pale ambapo zulia limebaki chini ya nusu ya upana wake, ongeza mawe kabla ya mvua zinazofuata. Kwa ajili hiyo, unapoagiza yale malori 16, agiza mawili zaidi uyamwage karibu na ukingo, mahali pakavu, uyapige chokaa na kuandika jina la mradi. Mwambie mzee wa nyumba kumi ayalinde, na umlipe kitu kidogo, la sivyo kufikia Machi utayakuta kwenye misingi ya nyumba tatu mpya za jirani.